Mazingira ya Bi Subiri

Hospitalini walimwita Bi Subiri, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka mingi alikaa kwenye kichumba nyuma ya mapokezi, masikio yamefunikwa na vidude vya kusikilizia, akiwaambia watu wa kila aina, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Wagonjwa walisubiri, madaktari walisubiri, hata wakubwa waliozoea kusubiriwa walisubiri. Kazi yake ilikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja: ujumbe unaupeleka kama ulivyoupokea. Huongezi chumvi, hupunguzi makali. Ukiambiwa umwambie daktari kwamba ni mpumbavu, unamwambia, "Daktari, umeambiwa wewe ni mpumbavu," kisha unauliza kama kuna jibu.

Sasa mtambo wake wa simu ulikuwa umeng'olewa, ukabaki ukuta wenye matundu. Msimamizi wa hospitali alimwita ofisini, akamkaribisha kiti kwa upole mwingi, na mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa anajua kwamba bosi akikukaribisha kiti namna hiyo, ujue mambo yameharibika. Alimweleza kwamba hospitali inataka programu ya simu, ili mgonjwa apange siku ya kumwona daktari akiwa nyumbani kwake. Watumishi watatu watafundishwa kuitengeneza na kuitunza.

"Nafasi moja nimekuwekea wewe, mama," alisema. "Hakuna anayewajua wagonjwa wetu kama wewe." Halafu, macho yake yakiwa kwenye kalamu, akaongeza kwamba atakayeshindwa mafunzo atahamishiwa tawi la mji mwingine, ambako bado wanahitaji makarani.

Bi Subiri alisema asante na kutoka. Hakuwaza cheo wala kompyuta, alimuwaza baba yake. Mzee alikuwa akiishi naye, na mguu wake mbovu ulikuwa ukitibiwa hapo hapo hospitalini, na daktari mmoja ambaye kule tawini hayupo wa mfano wake. Yeye akihamishwa, mzee atachukuliwa na kaka yake Bi Subiri, na kaka huyo alikuwa na moyo mzuri na nyumba mbaya: ghorofa ya juu kabisa, ngazi tupu, lifti hakuna. Mzee akishapandishwa kule, kushuka kwake ni mpaka abebwe. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Akifaulu, anabaki na baba yake. Akishindwa, wanatengana, na kwa umri ule wa mzee kutengana si jambo la kusema tutaonana.

Ndiyo maana tangu siku ya kwanza ya mafunzo alikaa mbele kabisa, daftari limefunguliwa.

Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, mpole, ambaye maneno yalimtoka mdomoni yakisukumana kama watu wanaogombea mlango. Bi Subiri aliandika alichoweza, na alichoshindwa kukiandika alikitikisia kichwa, maana kutikisa kichwa hakuhitaji ujuzi. Kuuliza si ujinga, ndiyo, tunajua sote, lakini aliyetunga maneno hayo hakuwahi kukaa darasa moja na Mfamasia. Mfamasia alikuwa kijana anayejibu swali kabla halijaisha kuulizwa, na mwingine akiuliza, hugeuka kumtazama taratibu ili aone sura ya mtu asiyejua. Wa tatu wao alikuwa Dada wa Maabara, msichana mkimya aliyetafuna kalamu mpaka ikabaki nusu. Kwa siri Bi Subiri alimpenda kwa sababu hiyo. Angalau walikuwa wawili wenye hofu.

Siku mbili baadaye Mwalimu akawatumia ujumbe kwenye grupu la simu. Bi Subiri aliusoma akiwa amesimama jikoni, akausoma tena akiwa amekaa:

"Habari za jioni. Kabla ya Jumatatu kila mmoja awe amechagua mazingira yake ya kazi na kuyaandaa. Chagueni kwa makini, maana kuhama katikati ni taabu. Yasiwe mazito kupita kiasi. Ondoeni vitu vya zamani visivyotumika, mpate nafasi ya kutosha."

Neno hilo, mazingira, alilisikia darasani likipita mara kadhaa, akaliacha lipite. Hakuona la kuuliza. Mazingira nani asiyeyajua? Mazingira ndiyo yale yanayofagiliwa, ndiyo yale tunayohimizwa kuyatunza, ndiyo yale ambayo walimu wa zamani waliwaita wazazi na kuwaambia kwamba mtoto huyu ana akili, ila hana mazingira mazuri ya kusomea. Basi Mwalimu wa watu, pamoja na ujana wake, alikuwa na busara ya kizamani. Anataka kila mtu apate mahali patulivu pa kusomea.

Majibu yakaanza kuingia. Mfamasia aliandika kwamba yake tayari tangu juzi, na yanafanya kazi vizuri sana, asante. Dada wa Maabara aliandika: "Yangu yanachelewa kufunguka, halafu yanakwama. Nifanyeje?" Mwalimu akamjibu: "Funga, kisha ufungue tena taratibu." Bi Subiri alimhurumia binti wa watu, kwamba pamoja na masomo yote yale anahangaika na mlango mbovu.

Hata hivyo kuna kitu kilimkwaruza. Alianza kuandika, "Samahani Mwalimu, mazingira hayo yawe na nini hasa?" Akalitazama swali lake, akauona uso wa Mfamasia ukigeuka taratibu, akalifuta herufi kwa herufi.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba ambao kwa kweli ulikuwa njia tu. Chumba cha nyuma, chake, kilipakana na jiko na kilikuwa na kijidirisha cha juu kinachotazama ukuta wa jirani. Mchana unawasha taa. Hewa yake ilikuwa nzito, na ujumbe umesema yasiwe mazito. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana linalofunguka barabarani, chenye mwanga na upepo. Hicho kilikuwa cha mzee.

Na dirisha lile si dirisha tu. Mzee alikuwa mchora vibao vya maduka, na nusu ya vibao vya mtaa ule vilikuwa kazi ya mkono wake, kabla macho hayajapungua nguvu na mguu haujamkatalia ngazi. Kutwa nzima alikaa dirishani. Wapita njia walimwamkia, yeye akawatambua kwa mwendo kabla hawajasema, akawauliza habari za watoto, akawatania kuhusu viatu vyao. Muuza magazeti alikuwa akisimama pale kumsomea vichwa vya habari bure, kisha wakabishana. Mtu angeweza kusema mzee hatoki, lakini haikuwa kweli. Alikuwa akitoka kila siku, kupitia dirishani.

Bi Subiri alizunguka na jambo hilo jioni yote. Alijaribu kuiweka kompyuta aliyokopeshwa na hospitali mezani jikoni, masizi yakamtisha. Akajaribu ukumbini, kila anayepita akamgonga kiwiko. Mwisho akaenda kusimama mlangoni pa baba yake, simu mkononi.

"Baba, kuna jambo."

"Najua. Umepita hapo mlangoni mara tatu. Ingia, mama, hakuna kiingilio."

"Mwalimu ametaka tuchague mazingira ya kusomea. Sasa mimi kule nyuma..."

"Amesemaje huyo mwalimu? Nisomee."

Hapo ndipo mazoea ya kazi yalipomponza. Mtu mwingine angemwambia kwa ufupi, akachagua maneno, akayapaka sukari kidogo. Yeye aliinua simu akasoma ujumbe wote kama ulivyokuja, kwa ile sauti yake ya kazini, safi, isiyo na hasira wala huruma. Alipofika kwenye vitu vya zamani visivyotumika, alisikia anachokisema, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea kutosimama katikati ya ujumbe wa mtu. Akamalizia: mpate nafasi ya kutosha.

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mzee alikuwa akiusugua mguu wake.

"Basi sawa," alisema.

"Baba, si kwamba..."

"Nimesema sawa. Mwalimu amesema kweli. Mtu hasomi gizani. Mwite fundi friji wa nyumba ya pili atusaidie kitanda, mimi na wewe hatukiwezi."

Alikubali upesi mno. Bi Subiri aliliona hilo, na likamuuma, lakini hofu ya Jumatatu ilikuwa kubwa kuliko maumivu, na mwenye hofu hupokea haraka anachopewa. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya mzee mwenyewe. Alijiambia ni kwa muda tu. Kesho yake mchana, wakati fundi friji akikipindua kitanda mlangoni, mzee alisimama ukumbini ameegemea fimbo yake, akitoa maelekezo: kulia, inua, pole pole na ukuta. Alikuwa mchangamfu kupita kawaida. Walipomaliza aliingia kwenye chumba cha nyuma, akakaa kitandani, akawasha taa saa ile ya mchana.

Jumapili yote Bi Subiri alikaa kwenye chumba cha mbele mbele ya kompyuta, akisoma karatasi za Mwalimu bila kuelewa hata mstari. Kila mara mtu alipita dirishani akasema, "Shikamoo, mzee," na yeye alilazimika kuinua kichwa na kusema mzee yuko ndani, amepumzika. Muuza magazeti alikuja, akamwangalia yeye, akaiangalia kompyuta, akaondoka na vichwa vyake vya habari.

Jumatatu wakakutana kwenye chumba kidogo cha mikutano, watatu na Mwalimu. Mwalimu alikuwa na haraka kama kawaida.

"Haya, tuanze na mazingira. Kila mtu amechagua yapi? Bi Subiri, tuanze na wewe."

Hili alikuwa na jibu lake. Akakaa wima. "Mimi nimechagua ya mbele, Mwalimu. Yana dirisha."

"Windows. Sawa kabisa, kompyuta zote za hospitali zina Windows. Na ndani yake umeweka nini?"

"Meza," alisema Bi Subiri. "Meza na kiti. Na nimemhamisha mzee, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha."

Dada wa Maabara aliitoa kalamu mdomoni. Kisha Mfamasia akacheka, si kicheko cha kuzomea, ni kile kinachompasuka mtu kabla hajajua, na alipojaribu kukizuia kikatoka puani. Bi Subiri alitabasamu, maana watu wakicheka nawe hujui kwa nini, unafanyaje? Unatabasamu, huku masikio yanawaka moto.

"Mama," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza alizungumza polepole, "kosa ni langu. Nilisema neno nikadhani nimeeleza. Mazingira ninayosema mimi ni programu. Ni ile programu unayoifungua ndani ya kompyuta ili uandikie programu nyingine. Ndani yake unaandika, unakagua makosa, unajaribu kama kitu chako kinafanya kazi. Hiyo ndiyo tunaita mazingira."

"Ni kitu cha ndani ya kompyuta."

"Ndiyo, mama."

"Na vitu vya zamani visivyotumika?"

"Mafaili. Picha za zamani, barua za ofisi. Ili kompyuta ipate nafasi."

Bi Subiri hakusikia vizuri yaliyosemwa dakika zilizofuata, kwa sababu alikuwa akimwona baba yake kitandani, taa imewaka mchana. Aliporudi darasani kwa akili, Mwalimu alikuwa ubaoni ameandika machaguo matatu, na Mfamasia, labda kwa kutaka kufuta kicheko chake, alikuwa akiyapa majina ili mama akumbuke. La kwanza ndilo wanalotumia mafundi wenyewe, limejaa kila kitu, hata simu ya bandia ya kufanyia majaribio. Ila ni zito, na kompyuta yenye umri hulibeba kwa kilio. Hilo Mfamasia aliliita Bibi Harusi, kwa sababu mnakaa mmevaa mnamsubiri na hatokei. La pili ni jepesi, ukurasa mtupu wa kuandikia na vikorokoro vichache. Kila kitu unakiandika kwa mkono wako, na majaribio unafanyia kwenye simu yako halisi iliyofungwa kwa waya. Hilo likawa Kandambili: unavaa, unakwenda, ukijikwaa vidole ni vyako. La tatu haliko hata ndani ya kompyuta, unalifungua kwenye mtandao, na siku mtandao ukikata umelala nje. Hilo likawa Nyumba ya Kupanga.

"Na mimi nichague lipi?" aliuliza Bi Subiri. Aliuliza kwa sauti, mbele ya watu wote, maana aibu ilikuwa imeshamwagika na maji yakimwagika hayazoleki.

"Siwezi kukuchagulia," alisema Mwalimu. "Nimewawekea yote kwenye flashi. Yajaribu leo nyumbani, jioni uniandikie. Kesho asubuhi tunaanza kazi, na anayeanza na moja akahamia jingine katikati huwa anaachwa nyuma. Nimeona watu wakiacha mafunzo kwa sababu hiyo tu."

Alitoka pale na vitu viwili kifuani, na havikupatana. Kimoja kilikuwa hofu ya kuchagua vibaya. Kingine kilikuwa karibu na furaha: atafika nyumbani, atamwita fundi friji, kitanda kitarudi dirishani, yeye na baba yake watamcheka yeye mwenyewe mpaka machozi. Alitembea haraka. Njiani alishaanza kuyapanga maneno ya kumchekesha.

Alimkuta mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti lake la safari. Begi lilikuwa miguuni, limefungwa zipu.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Sijaenda bado. Nimempigia kaka yako. Anakuja Jumamosi. Nimeona nianze kufunga mapema, mikono yangu siku hizi ni ya kobe."

"Jumamosi kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ulinisomea mwenyewe kwamba kuhama katikati ni taabu. Basi mimi nihame mwanzoni, usome kwa nafasi."

Bi Subiri alipiga magoti pale sakafuni, akaeleza yote. Alieleza kuhusu Windows na meza na kiti, kuhusu kicheko cha puani, kuhusu mafaili. Yale maneno aliyoyapanga ya kuchekesha yalitoka yamepinda. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika kichwani.

"Mama, wewe tangu utoto hujui kudanganya. Unatafuta neno la kunifariji, na nakushukuru. Lakini mazingira ni mazingira. Mimi nimeandika neno hilo kwenye vibao vya manispaa, najua maana yake. Tunza mazingira. Hakuna hata kibao kimoja kilichosema ni kitu cha ndani ya kompyuta."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha binti yake. Mtu aliyekasirika unaweza kumbembeleza. Mtu aliyeamua unambembeleza nini?

"Basi njoo nikuonyeshe," alisema.

Alimshika mkono wakaenda chumba cha mbele. Alimweka kwenye kiti kimoja kilichokuwepo, yeye akasimama. Mzee hakulitazama dirisha. Bi Subiri alichomeka flashi, akachagua lile la kwanza, la mafundi wenyewe, kwa sababu lilikuwa kubwa na alitaka kumwonyesha kitu kikubwa. Kompyuta ilifikiri, kisha ikaleta maandishi. Akayasoma kwa sauti yake ya kazini: "Nafasi haitoshi. Ondoa vitu usivyotumia."

Mzee akainama mbele. "Imesema hivyo yenyewe?"

"Yenyewe, Baba. Tazama."

Alifungua folda za hospitali akaanza kufuta. Matangazo ya mikutano iliyokwisha. Picha za kumuaga mhasibu aliyestaafu, mamia, nyingi zikiwa za keki. Mzee alimtazama akifuta. Nafasi ikapatikana, programu ikaanza kujiweka, na wakasubiri. Mchirizi wa kijani ulisogea, ukasimama, ukasogea. Ilipomaliza aliifungua. Kiduara kikaanza kuzunguka. Feni ya kompyuta ikaanza kunguruma, ubavu wake ukapata joto mpaka ukasikika mkononi, kiduara kikazunguka, kisha hata kiduara kikaganda.

"Inaumwa?" aliuliza mzee.

"Inachelewa tu, Baba. Subiri kidogo."

Lilimtoka lenyewe. Walisubiri. Nje watu walikuwa wakirudi kutoka kazini, mmoja akapunguza mwendo dirishani, akaona hawasemezani, akapita. Mzee aliweka mkono kwenye fimbo. Alikuwa anataka kuinuka, na Bi Subiri alijua kwamba akiinuka sasa, hatakaa tena kwenye kiti kile kumsikiliza. Mawazo yalimjia yote kwa pamoja: kwamba Mfamasia atakuwa na lile zito, kwamba Msimamizi atauliza kwa nini yeye ana la wanafunzi, kwamba hilo jepesi litamlazimisha kuandika kila kitu mwenyewe na yeye hajui kitu, kwamba akishachagua harudi nyuma. Alibonyeza kitufe cha kuzimia na kukishikilia mpaka kioo kikawa cheusi.

Akawasha upya. Safari hii alichukua Kandambili. Ilifunguka kabla mzee hajaiondoa fimbo sakafuni.

Ulikuwa ukurasa mtupu, mweusi, na mshale mdogo unaopepesa. Alifunga simu yake kwa waya. Alichukua karatasi ya Mwalimu, ile ambayo jana haikumwambia kitu, akaanza kunakili mstari kwa mstari, herufi kwa herufi, bila kuongeza wala kupunguza. Mstari mwekundu ukatokea. Akakagua, akakuta mabano amefungua hakufunga. Akafunga. Mwekundu mwingine. Herufi kubwa mahali pa ndogo. Hatimaye hakukuwa na wekundu wowote. Akabonyeza, akaitazama simu iliyolala mezani, na kwa muda haikutokea kitu, akaona sasa basi. Kisha kioo cha simu kikawa cheupe, na katikati likatokea neno moja ambalo Mwalimu aliliweka kwenye mfano wake.

Alimpa mzee simu. Mzee aliisogeza mbali, akaileta karibu, akapata umbali wake.

"Karibu," alisoma. "Karibu wapi?"

"Ni mfano tu, Baba. Ila ona, nimeliandika hapa, limetokea pale. Hapa nilipoliandikia ndipo panaitwa mazingira. Mwalimu alikuwa akisema haya. Hakuwa anasema vyumba."

Mzee aliutazama ule ukurasa mweusi. Alinyoosha kidole akagusa kioo, kama alivyokuwa akigusa rangi kuona kama imekauka. Bi Subiri aliiona sura yake ikilegea. Amenielewa, alijiambia. Hapo hapo akachukua simu akamwandikia Mwalimu kwamba amechagua la pili, lile jepesi. Mwalimu akajibu upesi: sawa, mama, umechagua vizuri, kesho tunaanza.

"Basi yamekwisha," alisema Bi Subiri. "Naenda kumwita fundi friji."

"Kaa kwanza."

Hakukuwa na kiti kingine. Akakaa chini, mgongo ukutani, kama alivyokuwa akikaa utotoni baba yake akichanganya rangi.

"Huyo mwalimu hakunisema mimi," alisema mzee. "Nimeona. Hata hanijui. Alikuwa anasema mapicha ya keki."

"Ndiyo, Baba."

"Lakini wewe, siku ile unanisomea. Wewe ulidhani anasema nini?"

Bi Subiri aliangalia mikono yake. Kulikuwa na majibu mengi mazuri, na yote yalimjia: kwamba hakufikiri, kwamba alikuwa na hofu ya kuhamishwa, kwamba ilikuwa kwa ajili yake huyo huyo mzee. Kila moja lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini hakuulizwa kwa nini alifanya. Aliulizwa alidhani nini.

"Nilidhani ni vitu vyako," alisema. "Makopo ya rangi, kile kiti kibovu." Akainua macho. "Halafu nikafika kwenye lile neno, visivyotumika, nikakuona wewe. Nilikuona, Baba, na sikuacha kusoma. Na baadaye nikakuhamisha."

Sasa alikuwa akilia, na hakujifuta. Mzee hakumshika kichwani kama mwanzo. Alikaa ameukunja mkono juu ya fimbo, akitazama barabara kwa mara ya kwanza tangu waingie. Mtu mmoja alipita, akamwona, akainua mkono na kusema shikamoo kwa sauti ya kushangilia. Mzee aliitikia marahaba, akamuuliza kama mtoto amepona, akaambiwa amepona, na yule mtu akaenda zake.

"Afadhali umesema," alisema mzee. "Ungesema jingine, ningeondoka leo leo, kwa miguu."

Alivua koti lake la safari taratibu, mkono mmoja kisha mwingine, akalilaza magotini.

"Mwite huyo fundi wa watu. Na kaka yako umpigie. Mwambie Jumamosi hii asije."

Alisema Jumamosi hii. Bi Subiri aliinuka, akaenda mlangoni, na hakuthubutu kumuuliza kuhusu Jumamosi ijayo.